Kuitandikia Dawa Maharagi

Kwetu hakuna mtu anayemeza dawa kwenye tumbo tupu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyowalea watoto wangu saba. Dawa ni kitu kikali, unaitandikia kwanza. Tunasema vilevile, kuitandikia, kama unavyotandika kitanda kabla mgeni hajafika. Mtu mwenye homa akiletewa kidonge, mama yangu aliuliza: "Umeitandikia nini?" Ukijibu chai, alirudi jikoni, na kidonge kilikaa juu ya meza kikingoja bugali uive.

Ninaandika haya juu ya mikono ya mume wangu, na juu ya neno moja la Kifaransa ambalo nililisikia vibaya. Majina ya watu wote ninayo kichwani: la munganga, yaani daktari, wa Beni, la mama anayeuza dawa mtaani kwetu, ya wajukuu kumi na wawili kwa mpango wa kuzaliwa, hata la yule aliyetuuzia mashini ya kushona mwaka tulipooana, na la mke wake. Hapa sitaweka hata moja. Wenyewe watajijua.

Mume wangu ni fundi wa nguo. Sisemi alikuwa. Mashini yake iko kwenye veranda ya nyumba yetu, hapa Vulamba, mjini Butembo, ni ile ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, na maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono wa kushoto unapolalia. Ameshona makoti ya walimu, mapazia ya kanisa, sare za shule nyingi. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya kuuza. Kila mjukuu wetu alipofika komunio ya kwanza, sokulu wake, ndivyo watoto wa Wanande wanavyomwita babu, alimshonea nguo nyeupe. Mvulana, shati na suruali. Msichana, robe, yaani gauni. Kumi na mmoja wamekwenda altareni wakiwa ndani ya nguo zake. Alibaki mmoja, kitinda mimba wa binti yangu wa mwisho, yule anayeuza viazi vya Musienene sokoni. Mtoto huyo alikuwa na miaka kumi, meno ya mbele makubwa, na tangu akiwa mdogo kabisa alikuwa akiuliza: "Sokulu, yangu itakuwa na mikono mirefu?"

"Mirefu mpaka hapa," mzee alimjibu kila mara, na kumgusa kifundo cha mkono.

Kutetemeka kulianza kwenye kidole gumba cha kulia. Kidole kilikuwa kinasugua kingine pole pole, kama mtu anayechambua maharagi. Mwanzoni nilimtania. Jioni tumekaa, sinia iko mapajani mwangu, mimi ninachambua ya kweli, yeye anachambua ya hewa. Nikamwambia, "Baba, kama unataka kunisaidia, chukua yenye kuonekana." Akauficha mkono chini ya paja. Hapo nilijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuona mkono ule kabla yangu, na kwamba alikuwa anaogopa.

Kisha ukaja mkono wa pili. Kisha miguu: anafika mlangoni, anasimama, mguu unakataa kuvuka kizingiti kama umepigiliwa misumari. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Mwishoni kijiko kilikuwa kinafika mdomoni kikiwa tupu. Nilitaka kumlisha. Hakutaka. Aligeuza kiti akatazama ukuta, akala hivyo, polepole, akitupatia mgongo, na nguo yake ikichafuka mimi nilifua bila kuuliza. Wageni wakifika, alisema ameshashiba.

Binti yangu alisikia kwamba munganga wa mishipa ya kichwa amefika Beni kwa siku chache. Siku ile barabara ilikuwa inapitika. Tulimweka mzee kiti cha mbele, sisi wawili nyuma. Munganga alikuwa kijana, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, anasema Kifaransa cha haraka na Kiswahili cha kuokoteza. Alimwambia mzee afungue mkono, afunge, afungue, afunge. Alimwambia atembee, ageuke. Alimpa karatasi aandike jina lake, na lile jina likatoka dogo, likizidi kuwa dogo kila herufi, hata ya mwisho ikawa kama kichwa cha siafu.

"Mama," aliniambia, "huu ugonjwa hautaisha. Nisikudanganye. Lakini iko na dawa inaweza kumurudishia mikono, masaa fulani ya siku. Isikuwe kila saa. Masaa fulani."

Masaa fulani yalinitosha. Binti yangu alikuwa nje anambembeleza dereva asituache, kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyepewa mashauri. Munganga alisema mengi, akayaandika, na mwisho akainua kidole: neno moja, mara mbili. Mimi nilisikia *dejene*. Nikamjibu, "Ndiyo, munganga, dejene." Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, naye alikuwa amesikia alichotaka kusikia. Njia yote ya kurudi Butembo nililirudia moyoni kama mtoto aliyetumwa dukani: dejene, dejene. Dejene ninaijua, ni chakula cha kukaa mezani. Nilifurahi hata, kwa sababu munganga wa shule nyingi alikuwa amesema kitu kilekile cha mama yangu. Karatasi yake niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Vidonge vilikuwa vitatu kwa siku. Basi nikavitandikia. Asubuhi na mapema nilipika uji wa soya na maziwa, na sahani ya maharagi ya jana niliyoyapasha moto na mafuta ya mawese. Saa sita maharagi tena, ya manjano, yale ya Musienene yanayovunjika vizuri, na yai, na siku za heri kipande cha nyama. Nilimwacha ale kwanza, ashibe, kisha nikampa kidonge na maji kidogo ya kusukumia. Juu yake nikamwongezea vidonge vyekundu vya kuongeza damu nilivyojinunulia mwenyewe, kwa maana niliona mikono ile inaomba damu. Jioni hivyo hivyo.

Mikono haikurudi. Yaani, ilirudi kama mgeni asiyejua saa: siku moja saa tisa ya mchana, amejilaza, aliniita nije nione vidole vimetulia. Kabla sijafuta mikono yangu nifike, vilikuwa vimeanza tena. Siku nyingine, hakuna kitu mpaka usiku. Mwezi ukapita, wa pili ukaanza. Nikajiambia, dawa hii ni kali kuliko zote, kitanda chake bado ni chembamba. Nikaongeza maharagi.

Kwarezima, mfungo wetu wa kabla ya Pasaka, ilipokaribia, binti yangu alikuja jioni na nusu gunia ya viazi, akakaa pembeni ya baba yake kwenye veranda. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa juu ya mashini tangu Noeli, chini ya mfuko wa plastiki kisishike vumbi.

"Baba," alisema, "nimeona robe moja pale sokoni. Inatoka Uganda. Nzuri, na maua hapa kifuani."

"Ya nani?"

"Ya mutoto. Ya komunio."

"Mutoto yuko na robe." Akaonyesha kitambaa kwa kidevu, kwa sababu mkono haungenyooka.

"Baba, hiyo ni kitambaa."

"Kila robe ilianza kitambaa."

Binti yangu alinitazama. Nilitazama viazi. Alikuwa na haki, Pasaka haikuwa mbali, na Jumapili ya komunio ni wiki ile inayofuata. Mtoto mwenyewe, aliyekuwa anaruka kamba uani, aliacha kuruka. Alikuja akasimama mbele ya babu yake.

"Minangoja ya sokulu," alimwambia mama yake. "Ikiwa bado, nitavaa sare ya shule. Padri hatanifukuza."

Ile jioni mzee alikataa kula hata kwa kutazama ukuta.

Halafu ikafika Jumatano ya Majivu. Padri alishatangaza kwamba wazee na wagonjwa hawalazimishwi kufunga. Nilimkumbusha.

"Nimefunga hii siku tangu kipaimara," alisema. "Mikono inatetemeka, tumbo haitetemeki."

"Na dawa? Utaimeza na nini?"

"Na mayi. Mayi haivunji funga."

Sikupenda. Niliona ninamtupia dawa kali kwenye tumbo tupu, bila mkeka. Lakini huwezi kumlisha mtu kwa nguvu siku ya majivu. Kwa kuwa hapakuwa na chakula, nilimjazia kopo la maji mpaka juu, walau kidonge kiwe na mahali pa kuogelea, naye akalinywa lote ameketi wima. Kisha akaenda veranda, nami nikaenda nyuma ya nyumba kufua.

Nilikuwa ninakamua shuka nilipoisikia mashini.

Nilidhani ni mtoto anaichezea. Nikazunguka nyumba na maji yakinidondoka mikononi, tayari kugomba. Alikuwa ni mzee. Miguu yake ilikuwa inakanyaga, kisigino, vidole, kisigino, vidole, ule mdundo nilioulalia usingizi miaka yote ya ujana wangu. Alikuwa ametandaza mfuko mtupu wa unga, anapiga mistari juu yake, mmoja, mwingine pembeni, mwingine, imenyooka yote. Uzi ulikuwa umeingia kwenye sindano. Ni yeye aliyeuingiza.

Nilifungua mdomo.

"Usiseme," alisema bila kugeuka. "Usiseme kitu. Itasikia."

Nikakaa kwenye kizingiti na nguo zangu mbichi. Alishona ule mfuko mpaka hapakubaki mahali peupe. Saa tano ya asubuhi ilipopita, mguu wa kulia ulianza kuchelewa, mstari ukaenda upande, akanyanyua mkono akautazama ukianza. Akaufunika na wa kushoto, kama unavyofunika chungu. Jioni tulipokwenda kupakwa majivu, nililia mbele ya padri, naye alidhani ni dhambi zangu.

Siku ya pili yake, ili kumshukuru Mungu, nilimtandikia vizuri kuliko siku zote. Mikono haikuja. Ijumaa haikuja. Jumamosi nilikwenda farmasi.

Mama mwenye farmasi ni Mwislamu, ni jirani yetu wa siku nyingi, mume wake ana malori kwenye njia ya Kasindi. Nilimsimulia muujiza wa majivu huku akinihesabia vidonge. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "uniambie polepole. Ile siku, asubuhi, mzee alikula nini?"

"Angekula nini? Alikuwa anafunga."

"Na dawa?"

"Alimeza na mayi. Kopo muzima."

"Na jana?"

"Jana nilimutandikia. Maharagi, mayai mbili, maziwa."

Aliacha kuhesabu. "Karatasi ya munganga iko fasi gani?"

Nilirudi nyumbani kuileta kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo. Aliifungua juu ya meza ya vioo, akaifuata kwa kucha, akafika kwenye neno, akafunika mdomo na mtandio.

"Hapa hakuandika dejene, mama. Ameandika *à jeun*."

"Njo hiyo. Ajene, dejene."

"Hapana. *À jeun* ni kufunga. Ni vile siye tunakaa mu Ramazani. Tumbo tupu. Alikuambia umupatie dawa tumbo ikiwa tupu, weye unamupikia arusi."

Sikuelewa bado. Nilimwambia dawa itamchoma, kwetu tunatandikia. Alivuta kiti akanikalisha.

"Sikiliza. Unajua kazi ya bwana yangu. Kidonge cha mzee ni kama moto, pikipiki moja ndogo, na mzigo yake ni ya kuoza. Tumbo ni parking. Weye umejaza parking malori ya maharagi. Moto itapita wapi? Inangoja nyuma. Kisha bote banafika kwenye barrière, kizuizi ya barabara, kule mu matumbo ndogo, na hii dawa barrière yake ni ileile ya maharagi, na nyama, na mayai, na maziwa. Hakuna ingine. Nani atapita mbele?"

"Maharagi," nilisema.

"Maharagi, juu ya kuwa mingi. Na dawa?"

"Inaoza."

"Inaoza mu njia. Ile kidogo inabakia inaingia saa tisa, wakati hakuna mutu anaiomba."

Saa tisa. Nilikumbuka vidole vilivyotulia mchana, na mimi nafuta mikono nikimbie. Nikamuuliza na juu ya vidonge vyekundu, kwa vile nilitaka kusikia yote siku moja. Aliweka paji la uso juu ya meza.

"Hizo zinaikamata dawa yake mukono, hazitaki iende. Nani aliziandika?"

"Ni mimi."

Alimpigia munganga simu palepale, wakasema Kifaransa, akacheka, akaacha kucheka. Kisha akanipa mashauri upya kwa Kiswahili, na akanifanya niyarudie mpaka mara tatu. Kidonge, na maji kopo zima, mzee akiwa ameketi, asilale. Kungoja nusu saa. Kisha uji wa muhogo au viazi au mkate, vitu vyepesi, ndizi. Maharagi na nyama, jioni, wakati mikono imemaliza kazi. Vidonge vya damu niache mpaka damu yenyewe ipimwe. Na asikose papai na maji, choo kikifungwa njia yote inafungwa.

"Wasingya," nilimwambia, asante ya kwetu, nikaikunja karatasi nikarudi nyumbani.

Mzee alikuwa kwenye veranda, ameegemea mashini. Nilikaa mbele yake.

"Baba, ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi nilikuwa ninakunyima mikono. Na maharagi yangu."

Nikamweleza yote, malori, barrière, dejene. Ugonjwa ulikuwa umeukaza uso wake, kicheko hakikuweza kupanda mpaka huko. Nilikiona kwenye mabega kwanza.

"Basi niko mutu wa kwanza wa Butembo," alisema, "kulogwa na maharagi ya bibi yake."

Mimi sikucheka. Nilikuwa ninahesabu siku, zote zile alizokula akitazama ukuta. Aliona ninahesabu.

"Yalikuwa matamu," alisema.

Kuanzia kesho yake tukaishi kwa saa ya kidonge. Saa ya simu inanichanganya, nikapima kwa rozari: akimeza, ninaanza Nasadiki, tunasali wote wawili mafungu matano, kisha litania ya Bikira Maria pole pole. Tukifika mwisho, nusu saa imeshapita. Mara nyingi, katikati ya litania, sauti yake ilinyooka kabla ya vidole, nami nilijua inakuja. Ndipo nilipomletea uji, anakula mwenyewe, ametazama njia, na akimaliza anavuta kiti.

Nilikuwa nimejifunza kitu, na mtu aliyejifunza kitu uzeeni hanyamazi. Jirani wa upande wa chini alishikwa na malaria, nikamkuta anataka kumeza dawa na kikombe cha maziwa. Nikamnyang'anya kikombe. Tumbo tupu, nilimwambia, parking iwe wazi. Mama wa farmasi alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Mama, nasikia umefungua farmasi."

"Nilimusaidia tu."

"Dawa ya malaria ile inapenda mafuta. Bila mafuta inapita mu tumbo kama mawe, haiyeyuki. Yeye, njo anaomba maziwa, anaomba avoka. Kila dawa iko na tabia yake, sawa bakwe zako. Umepikia bote chakula moja?"

Nilimwomba jirani msamaha, nikampelekea avoka mbili, yaani maparachichi.

Wiki ya pili ya Kwarezima mzee alikata kitambaa. Nilishika upande wa pili, sikupumua. Mkasi ulikwenda kama kwenye maji. Kila asubuhi alikuwa na masaa mawili, siku nzuri matatu, na alasiri na kidonge cha pili kipande kidogo. Hakutumia hata dakika moja kusalimia watu. Wapita njia walimwita, alijibu kwa nyusi. Mtoto alitoka shule akakimbilia veranda kuona imefika wapi: kifua, mgongo, sketi yenye mikunjo kumi na sita. Ikabaki mikono ya robe.

Hapo ndipo alipokwenda Musienene. Mkwe wetu wa huko alikuwa na wageni, akamtumia pikipiki ya kumpeleka asubuhi. Nilimwambia dereva mbele ya mzee, asimwache ale nyama kabla ya jioni. Alirudi mchana, ana harufu ya mbuzi.

"Ni kipande kimoja," alisema.

"Kimoja?"

"Vya kwenye kijiti vinahesabiwa kijiti."

Nilimpa kidonge, tukasali rozari, tukasali litania, tukairudia. Hakuna kitu. Lakini alikuwa ameshazoea kuitegemea ile saa, na Pasaka ilikuwa imebaki siku chache. Akakaa kwenye mashini kwa lazima. Nilimkataza. Sindano ilipita juu ya mkono wa robe mara mbili, tatu, kitambaa kikakunjamana, akakivuta, kikachanika kutoka kwenye kiwiko mpaka chini. Alikishika mbele yake, kikatetemeka pamoja na mikono, kama bendera.

"Mbuzi ya mkwe," alisema, "ni ngumu."

Kitambaa cha kurudia mikono mirefu hakikuwapo, na cha aina ile sokoni kilikuwa kimekwisha. Alimwita mtoto jioni, akamweleza mwenyewe, bila kunitupia lawama mimi wala mkwe. Mtoto alimnyooshea mkono.

"Mifupi mpaka wapi?"

"Mpaka hapa." Akamgusa juu ya kiwiko.

"Basi ni ya joto," alisema mtoto. "Kwenye kanisa iko joto."

Aliimaliza Alhamisi Kuu, saa nne ya asubuhi. Alikata uzi kwa meno, kwa sababu siku zote alikata uzi wa mwisho kwa meno.

Jumapili ya komunio tulipima saa mara mbili. Misa ya komunio kwetu ni ndefu, na mikono isingetosha kwa yote. Akamezea kidonge kwenye benchi la kanisa, maji nilibeba kwenye chupa, na rozari niliisali wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Watoto walipoitwa, kila mmoja alitoka na mzazi au mkubwa wake. Mzee alisimama. Kizingiti hakikuwapo pale, ni sakafu laini, akatembea pembeni ya robe yake, mkono wake juu ya bega la mtoto, na ule mkono ulikuwa umelala kimya kama wa mtu yeyote. Robe ilikuwa ndefu mpaka kwenye magoti, mikunjo kumi na sita, mikono mifupi. Sikuona robe ya maua kifuani yenye kuishinda. Nilitazama.

Nyumbani watu walijaa mpaka uani. Mama wa farmasi alikuja na mume wake wa malori, wakakaa karibu na mlango. Nilikuwa nimepika bugali, sombe ya majani ya muhogo, nyama, mayai, na chungu kikubwa cha maharagi ya manjano. Kwa mzee nilitenga pembeni viazi na ndizi, sahani yake ya mchana, kwa kuwa kidonge cha pili kilikuwa bado.

Aliisukuma sahani ile.

"Mama. Leta maharagi."

Nilimwinamia sikioni. "Baba, ni mchana. Mikono itaenda."

"Iende," alisema. "Kazi imeisha."

Mama wa farmasi alisikia. Alinitazama, akageukia sahani yake.

Nilimjazia sahani. Alianza mwenyewe, vijiko vitatu, vinne, na alifumba macho kwa kila kimoja, mtu aliyekosa maharagi ya mchana Kwarezima nzima. Kisha kidole gumba kikaanza kuchambua. Kijiko kikagonga sahani, watu wa karibu wakageuka. Nilijua atakachofanya, nikashika kiti kumsaidia kukigeuza kuelekea ukuta.

Hakukigeuza. Aliweka kijiko mkononi mwangu, akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, wazi, ikitetemeka mbele ya watu wote, na akafungua mdomo. Nilimlisha. Mjukuu alikuja na robe yake akakaa katikati yetu, akanyoosha mkono ulio wazi kuchukua yai la mama yake ng'ambo ya sahani, na nikaona kwamba mikono mirefu ingeingia kwenye mafuta.

"Hii yenye imevunjika," mzee aliniambia, akionyesha kwa kidevu. "Nipatie hii yenye imevunjika vizuri."